Pakiti ya Kijani Juu ya Tofu

Jumamosi, 11 Mei

Kaka Liao anaondoka! Amepata kazi kwa watengenezaji wa kadi za picha za kompyuta, na mtu akishakula kwao hawezi tena kukaa kwetu kila Jumamosi akizisema kadi za wenzao. Ametuambia mara tu tulipomaliza kurekodi, hedifoni bado ziko shingoni. Mjomba Tsai, mwenye kipindi, akasema haya, nenda, ila kikombe chako kiache.

Basi kiti kimoja cha kipindi chetu cha habari za kompyuta, Feni Inazunguka, kiko wazi. Kiti! Miaka sita nakata sauti, naandaa orodha ya habari za wiki, nanunua maziwa ya soya ya asubuhi. Miaka sita na sijatamka neno hewani. Nilichotoa ni kicheko tu, maana hicho hakizuiliki. Kaka Liao akisema simu mpya imepungua unene kwa unywele mmoja, mimi kule pembeni najiziba mdomo kwa kiganja na bado nasikika. Studio yetu ni chumba kimoja juu ya duka la nyaya nyuma ya soko la Guanghua, hakuna pa kujificha. Wasikilizaji huandika kuuliza: yule anayecheka nyuma ni nani? Mjomba huwajibu kwamba ni feni, inataka grisi.

Leo nimemwambia. Mdomo umefunguka wenyewe.

"Mjomba, kiti nakitaka mimi."

Amenitazama juu ya miwani. Akasema hata Fu Kai-hsiang anakitaka, yule kijana wa video mwenye watazamaji laki tatu. Basi tutakaa sote watatu kwa Jumamosi tatu, ya mwisho mbele ya watu, kwenye maonyesho ya kompyuta. Kisha akagusa pakiti ya kijani ya vitafunio iliyo juu ya mashine ya sauti, ile ya jina lenye maana ya 'tulia', ambayo kila mtu hapa huweka juu ya mashine isizimike; hii ina sahihi zao wawili, Tsai na Liao. Inapitwa na muda tarehe mosi Juni.

"Mpya nitaisaini mimi na mmoja wenu," akasema.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Vituo vinne vya treni! Sijahisi hata kimoja.

Jumatano, 15 Mei

Tofu imefika!

Kompyuta nzima, nyeupe, ya mraba, unaibeba kwa kiganja kama kipande cha tofu, ile jibini nyeupe ya soya, na hilo ndilo jina waliloipa. Wameibuni watu kumi na mmoja tu, kampuni ndogo kule Sanchong. Haina feni. Haina! Nimeiwekea sikio, kimya kabisa. Mgongo wake umechongwa mifereji, joto linapanda na kutokea huko juu. Wanadai inakwenda sawa na mashine kubwa mara kumi yake. Kipindi kinaitwa Feni Inazunguka na mimi nitaingia na mashine isiyo na feni. Nitakufa kwa raha.

Kabla ya kuiwasha nimekwenda kutafuta pakiti. Duka la kona lilikuwa na njano na nyekundu tu. Njano! Nani anaweka njano juu ya mashine? Unaomba taa ya njano, kisha nyekundu, kisha moshi? Nimezunguka maduka manne kwenye mvua mpaka nikapata ya kijani, ya nazi, tarehe yake mbali. Mama mwenye duka akauliza: ya kula au ya kazi? Ya kazi, shangazi. Akanichagulia iliyotuna vizuri.

Nimeandika jina langu na tarehe, nikaiweka juu ya Tofu, nikaipigapiga. Tulia, mwanangu, uchape kazi. Mama amepita akainamisha kichwa, eti anaisalimia. Kwenye mambo haya hana masihara. Hospitalini kwake kila mashine ina pakiti yake, na anaapa kwamba mashine ya mapafu ilizimika siku ile ile daktari mgeni alipoila.

Jumamosi, 18 Mei

NIMESEMA HEWANI!

Sentensi ya kwanza niliimeza nusu. Mjomba akanisogezea kipaza sauti kwa kidole kimoja, bila kunitazama, na basi — nikaanza na sikunyamaza tena.

Habari ya kwanza, simu inayokunjwa mara tatu. Mjomba kasema ramani ya karatasi yenyewe ilimshinda kuikunja tangu jeshini. Ya pili, kompyuta mpakato zenye kitufe cha akili mnemba. Kai-hsiang akakisifu dakika tatu nzima, ana sauti nzuri, ya asali, siwezi kukataa. Nikamuuliza, wiki hii umekibonyeza mara ngapi? Akafikiri. "Mara moja. Kwa bahati mbaya." Mjomba chai ikampalia.

Kisha Tofu. Nimeipima mara tano. Dakika sita za kwanza inaruka kama swala. Baada ya hapo joto linafika nyuzi tisini na nane na inajipunguzia kasi isiungue, mpaka nusu. Nikasema: "Hii haifanyi kazi, hii inapika yai la chai!"

Kicheko! Kai-hsiang kapiga meza. Mjomba kaondoa miwani akafuta macho. Na nyuma hapakuwa na mtu wa kucheka, kwa sababu anayecheka nyuma alikuwa mbele.

Ujumbe mia nne umekuja hadi jioni hii. Mmoja umesema feni imepata mdomo. Nausoma tena na tena kama mjinga.

Jumatatu, 20 Mei

Amepiga simu mhandisi wa Tofu, Bi. Chiu Yun-ju. Sauti ya chini, ya mtu anayepima maneno. Hakugomba. Ameuliza chumba kina joto gani, nimeiweka kwenye meza ya mbao au ya chuma, dirisha li wapi. Kwao Tofu inafanya kazi siku tatu mfululizo na haivuki nyuzi sabini na moja. Nikamjibu kwa adabu kwamba kwangu inavuka.

"Basi hiyo yako ni mbovu," akasema. "Nakutumia nyingine. Nakuomba, dada, uipime kabla ya kusema tena."

Nimeahidi. Mimi ni mtu wa haki bwana!

Kai-hsiang naye ametoa video: anavunja yai juu ya kikaango na kusema "Habari za asubuhi, Tofu." Watazamaji laki moja na nusu. Hata Tofu yenyewe hajawahi kuishika. Nimecheka mpaka mbavu zikauma.

Jumamosi, 25 Mei

Kipindi cha pili. Mambo yameiva!

Tofu ya pili ilifika Jumatano. Nimeipima kwa makini kama wali wa wageni. Meza ileile, pakiti mpya ya kijani (ile ya kwanza nimeiacha kwa Tofu ya kwanza, mashine hazigawani pakiti), madirisha wazi. Nyuzi tisini na saba. Yaleyale! Nimepiga picha, Tofu zangu mbili zimekaa bega kwa bega na pakiti zao vichwani, nikaiweka kwenye ukurasa wetu. Watu elfu arobaini wameitazama.

Hewani nimesema kwa sauti ya hakimu: tumepima mbili, zote zinapika. Kai-hsiang akaja na fulana aliyoichapisha mwenyewe, yai kifuani. Msikilizaji mmoja kaleta kwenye duka la nyaya sufuria nzima ya mayai ya chai, yaliyochemshwa kwa majani na viungo. Tumekula sote, hata mwenye duka.

Wakati wa kutoka Mjomba amesema kitu. Kasema anayejua sana hupima mara ya saba kwa mkono wa mtu mwingine. Nikasema Mjomba, namba ni namba. Kaguna tu.

Kiti nakiona. Nakiona kabisa! Kina mpasuko kwenye ngozi upande wa kushoto na nitaushona mwenyewe.

Alhamisi, 30 Mei

Ee Mungu wangu. Ee Mama Mazu, mlinzi wa mabaharia, utusitiri sote.

Niandike taratibu. Leo nilikaa nyumbani kutwa nikiandaa namba za kesho kutwa, jaribio refu la mwisho, Tofu inapika kama kawaida. Mvua. Sijala tangu asubuhi. Saa kumi na moja muziki wa gari la taka ukasikika kona ya mtaa, nikakumbuka mfuko wa taka, nikashuka mbio na kandambili moja ya kwangu na moja ya Mama. Nimerudi nimelowa chapachapa, njaa inaniuma, jikoni hakuna kitu, Mama yuko zamu. Mkono ukaenda wenyewe. Nimechana pakiti, nimekula, nimelamba vidole vya nazi — na ndipo nikaona jina langu mwenyewe kwenye karatasi.

Nimekula pakiti ya kazi! Mashine ikiwa kazini! Mtoto wa muuguzi!

Nikageukia skrini nikiwa nimefumba jicho moja. Nilitegemea giza. Moshi. Kumbe mstari wa kasi umepanda. Umepanda na kukaa huko juu. Nyuzi themanini. Sabini na nne. Sabini na moja.

Sabini na moja.

Nilisimama pale na nazi mdomoni. Wala sikuelewa upesi. Nilidhani nimeiudhi hadi imeanza kufanya kazi kwa hofu. Kisha nikainama nikatazama mgongo wa Tofu, ile mifereji, wazi kwa mara ya kwanza tangu iingie nyumba hii.

Nimechukua soksi, nikaikunja ukubwa wa pakiti, nikaiweka juu. Dakika sita: tisini na saba. Nimeitoa: sabini na moja. Nimeiweka. Nimeitoa. Mara nne. Ni soksi, haina baraka wala laana, na matokeo ni yaleyale. Mimi ndiye niliyeiziba pua mashine isiyo na feni, nikaenda kuwaambia watu kwamba haipumui.

Na picha! Watu elfu arobaini, nusu yao mafundi, wameiona pakiti juu ya Tofu na hakuna hata mmoja aliyeiona. Nani anaiona pakiti? Iko juu ya kila mashine. Ni sawa na kuona meza.

Kikulacho ki nguoni mwako. Changu nilikiandikia hadi jina.

Nimecheka. Ndiyo, nimecheka peke yangu sakafuni, machozi yakanitoka. Kisha nikamkumbuka Bi. Chiu na sauti yake ya chini, na kiti, na kicheko kikaisha.

Ijumaa, 31 Mei

Nimempigia Mjomba asubuhi. Nimesema yote bila kupumua. Akauliza:

"Nani anajua?"

"Mimi, wewe na soksi."

Hakucheka. Hiyo imeniuma kuliko kama angenitukana. Kasema kosa lililosemwa hewani husahihishwa hewani, mdomo uleule, sauti ileile. Kesho, mwanzo wa kipindi, si mwisho watu wakiwa wameanza kuondoka. Nikauliza: na kiti? "Kiti hakina miguu ya kukimbilia," akasema, akakata.

Saa nne Kai-hsiang akapiga. Mjomba amemwambia. Sauti ya asali imekauka. Dada Pei-shan, tafadhali, tusubiri maonyesho yaishe, tuandike maelezo madogo kwenye ukurasa. Watu wenyewe washasahau! Nikamkumbusha fulana. Akasema hiyo ndiyo shida yenyewe, zimechapishwa sitini.

"Wewe unalilia kiti," akasema, "na unakwenda kukivunja mbele ya watu."

Kweli nakililia. Lakini mficha uchi hazai, na mimi nimeshakuwa uchi tayari, kilichobaki ni kuzaa.

Nikapanda treni hadi Sanchong. Sikuweza kumwambia yule dada kwa simu. Karakana yao iko ghorofa ya tatu juu ya mashine za kushona, wanakula chakula cha mchana kwenye masanduku wakiwa wamesimama. Bi. Chiu ni mdogo kuliko nilivyodhani, labda miaka miwili zaidi yangu. Macho mekundu. Ubaoni kulikuwa na mchoro wa Tofu wenye mishale na alama za kuuliza kila upande, na pembeni majina ya maduka mawili yaliyoacha kuiuza, yamekatwa kwa mstari.

Nimemwambia. Alikwenda kwenye rafu, na pale — ikining'inia kwa uzi juu ya mashine zao — akachomoa pakiti ya kijani. Akaiweka juu ya Tofu. Tukakaa sote kumi na wawili kutazama namba. Dakika ya saba: tisini na saba.

"Nimelibadilisha bamba la chini mara tatu," akasema. "Mara tatu! Nimegombana na mume wangu. Nimemgombeza huyu hapa." Akamwonyesha kijana mmoja ambaye hata hakuacha kutafuna. Kisha akaketi chini, mgongo kwenye rafu. "Na ile picha niliiona. Niliikuza. Nilitazama meza, waya, ukuta. Mara mia nimeitazama."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Sikujua analia au anacheka. Nadhani vyote viwili. Nami nikaketi. Nilimwomba radhi kwa mikono miwili, akaitazama mikono yangu.

"Kesho nitakuja," akasema. "Siahidi kwamba nitacheka."

Jumamosi, 1 Juni, asubuhi

Sijakunywa hata maziwa. Mama amenipigia pasi shati. Nilimweleza jana, naye hakushangaa hata kidogo. Pakiti imefanya kazi yake, kasema. Ilisema tulia, nayo mashine ikatulia.

Siwezi hata kubishana.

Saa saba na nusu, nyuma ya jukwaa

Ukumbi umejaa! Viti mia mbili na watu wamesimama pembeni. Wameleta mayai. Nimehesabu sufuria tatu. Kila mtu ananipungia mkono na kupaza sauti "Inapika!" na mimi natabasamu kama aliyeng'olewa jino. Kai-hsiang amefunga zipu ya koti hadi kidevuni kwenye joto hili, najua kilichomo ndani. Bi. Chiu yuko safu ya pili, mkoba mapajani.

Mjomba kaniuliza niko tayari. Nimesema hapana. Kasema vizuri.

Saa nane na dakika ishirini na tano, mapumziko. Dakika nne tu!

Nimesema! Haraka, haraka —

Nimeweka Tofu mbili mezani, moja na pakiti, moja bila, namba zikionekana ukutani. Nikasema wiki mbili zilizopita niliwaambia mashine hii inapika yai. Inayopika ni mimi. Nikawaonyesha. Namba ya kushoto ikapanda, ya kulia ikakaa. Nilisikia mayai yakichemka kwenye sufuria. Nikawaambia kulikuwa na watu kumi na mmoja ambao hawakulala kwa sababu yangu, na nikawainamia, chini kabisa, mpaka nywele zikagusa meza.

Nilipoinuka mzee mmoja safu ya mbele alikuwa anajipiga paja. "Ya kwangu!" anapiga kelele. "Ya kwangu nyumbani inazimika kila siku, na ninayo pakiti pale juu!" Basi! Ukumbi mzima! Watu wanacheka, wanashikana mabega, mmoja anaungama kuhusu mashine ya kazini kwake, mwingine kuhusu televisheni ya mkwewe.

Bi. Chiu akapanda jukwaani. Hakucheka. Akachukua kipaza sauti changu. Tumeipima kwa vumbi, akasema, kwa unyevu, kwa kuiangusha kutoka mezani. Hatukuipima kwa pakiti. Mashine ya mji huu ikishindwa kubeba pakiti yake, na sisi tuna kosa. Akafungua mkoba akatoa waya uliopindwa kwa koleo, kistendi, akakichomeka nyuma ya Tofu na kuitundika pakiti juu yake, hewani. Namba ya kushoto ikaanza kushuka. Tisini. Themanini na mbili. Watu wakaihesabu kwa sauti kama mwaka mpya! Ilipofika sabini na moja alinitazama — na hapo, kidogo, upande mmoja wa mdomo.

Kai-hsiang akafungua zipu. Yai likaonekana. Nusura ukumbi uanguke.

Sasa mapumziko. Mjomba amekuja na pakiti mpya ya kijani, amekwisha kuandika juu yake "Tsai na", basi, pameachwa wazi. Ameiweka juu ya ukurasa huu ninaoandika. Kaiweka na kalamu yake nene, ndiyo maana herufi zangu zimekuwa kubwa hivi, ile yangu sijui imeangukia wapi.

"Andika jina," kasema. "Haraka, wino unakauka."

"Jina la nani, Mjomba?"

Ameshaketi, hedifoni masikioni. Kai-hsiang anatazama kalamu mkononi mwangu. Sekunde arobaini. Na kuna mtu anacheka, kicheko cha kujizuia, kinaingia kwenye vipaza sauti, mafundi wanageuka kumtafuta — ni Mjomba, kajiziba mdomo kwa kiganja na bado anasikika. Thelathini. Naandika: Pei-shan.